Kabla ya Ukuta, Mwalimu
Tunapochangia shule za watoto wa vita, tunajenga nini?

Usiku wa Jumatano moja, baada ya swala ya Isha, kamati ya msikiti wetu hapa Tanga ilikaa kikao chenye ajenda moja tu. Katika mwezi wa Ramadhani waumini walikuwa wamechangia shilingi milioni nne na laki mbili kwa ajili ya watoto walioathiriwa na vita nchini Syria. Taasisi moja ya misaada ilituletea picha ya shule iliyokusudiwa kujengwa huko: vyumba vya madarasa, ua wa kuchezea, na kando ya mlango kibao cha marumaru kilichoachwa wazi ili yaandikwe majina ya misikiti iliyochangia. Mimi, kwa kuwa ndiye katibu, nilipewa kazi ya kuandaa maneno ya kibao hicho. Nakiri kwamba niliifurahia kazi ile. Nilikwishaandika rasimu mbili, moja kwa Kiswahili na moja kwa Kiarabu.

Nilipomaliza kuzisoma, sauti ilitoka nyuma ya pazia, upande wa akina mama. Alikuwa Bi Mkubwa mmoja ambaye amesomesha chuo cha Qur'ani kwa zaidi ya miaka thelathini, na wengi wetu tuliokaa mbele tulijifunza alifu kwa kijiti chake.

"Mwanangu katibu," alisema, "jengo nimeliona. Mwalimu yuko wapi?"

Mwenyekiti akamjibu kwa adabu kwamba mwalimu atapatikana, inshaallah, shule ikishasimama.

"Atapatikana," akasema, "naye atakula nini?"

Hapakuwa na aliyekuwa na jibu. Kikao kikaahirishwa kwa wiki mbili, nami nikaagizwa nitafute habari za shule hizi: zinajengwaje, zinaendeshwaje, na kwa nini nyingine hudumu na nyingine hufungwa. Makala haya ni matokeo ya agizo hilo. Nimeona niwashirikishe wasomaji, kwa sababu najua misikiti mingi hupelekewa picha kama ile tuliyopelekewa sisi.

Vita vilivyoanzia ukutani mwa shule

Huenda baadhi yetu tumesahau kwamba vita vya Syria vilianzia katika ukuta wa shule. Mapema mwaka 2011, katika mji wa Daraa, kusini mwa nchi hiyo, vijana wadogo waliandika ukutani mwa shule maneno ya kuupinga utawala. Walikamatwa na kuteswa. Jamaa zao walipowadai, na watu wakatoka mitaani mwezi Machi, walijibiwa kwa risasi. Kutoka hapo moto ulienea nchi nzima, na utawala wa Bashar al-Assad haukuanguka mpaka tarehe 8 Desemba 2024.

Kabla ya vita, karibu kila mtoto wa Syria mwenye umri wa shule ya msingi alikuwa darasani. Katika miaka ile ya vita, shirika la Umoja wa Mataifa linalohudumia watoto, UNICEF, lilieleza kwamba zaidi ya shule 7,000 ziliharibiwa au kubomolewa, na kwamba watoto zaidi ya milioni 2 walikuwa hawaendi shule ndani ya nchi. Shule nyingine zilibaki zimesimama, lakini hazikuwa shule tena: ziligeuzwa kambi za askari au makazi ya familia zilizokimbia mabomu. Mamilioni ya watu walivuka mipaka. Uturuki pekee ilifikia kuwa na Wasyria zaidi ya milioni 3.5, na Lebanon, nchi ndogo sana, ilikuwa na zaidi ya milioni 1 walioandikishwa.

Mtu akizisikia hesabu hizi, jibu la kwanza linalomjia ni lile lililotujia sisi: tukajenge. Jibu hilo si baya. Mtoto hawezi kusoma kwenye matope, na palipobomolewa lazima pajengwe. Lakini habari za wale waliotutangulia katika kazi hii zinaonyesha kwamba jengo ni sehemu moja tu ya shule, na mara nyingi ndiyo sehemu iliyo nyepesi.

Viti vitupu

Chukua mfano wa Jordan. Kambi ya Zaatari, karibu na mji wa Mafraq, ilifunguliwa Julai 2012 jangwani, na kwa muda mfupi ikawa na watu wengi kama mji. Nchi mbalimbali zilijenga shule humo, Bahrain ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Kwa kuwa watoto walikuwa wengi kuliko madarasa, wasichana walisoma asubuhi na wavulana mchana. Hata hivyo, si watoto wote walioingia. Wapo waliokuwa wamekosa shule kwa miaka, wakaona haya kukaa na wadogo zao. Wapo waliokuwa wakisukuma mikokoteni ya mizigo ili nyumbani kupatikane chakula. Na wapo mabinti waliokwisha kuozwa mapema, wazazi wakidhani ndoa ndiyo hifadhi.

Lebanon haikuruhusu kambi rasmi za Wasyria. Familia nyingi zilipanga vyumba au zilijenga vibanda vya mbao na maturubai katika bonde la Bekaa. Serikali ilifungua shule zake kwa zamu mbili, Walebanoni asubuhi na Wasyria mchana. Hapo majengo yalikuwepo tayari, hapakuhitajika tofali. Kilichowarudisha watoto nyumbani kilikuwa nauli ya basi, kazi ya mashambani, na lugha. Katika shule za Lebanon, hesabu na sayansi hufundishwa kwa Kifaransa au Kiingereza, ilhali mtoto wa Syria alikuwa amesoma masomo yote kwa Kiarabu.

Mzazi wa Kitanzania hahitaji kuelezwa zaidi juu ya jambo hili. Tunawajua watoto waliomaliza darasa la saba wakiwa hodari wa hesabu kwa Kiswahili, wakaingia kidato cha kwanza na kunyamaza mwaka mzima, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa maneno. Ongeza juu yake kwamba mtoto huyo hana nyumba, baba yake hajulikani alipo, na amekaa miaka mitatu bila kushika kalamu.

Lugha na cheti

Uturuki inatupa somo jingine. Mwanzoni watoto wengi wa Syria walisoma katika vituo vya muda, kwa Kiarabu, wakifundishwa na walimu wenzao waliokimbia nao. Ilidhaniwa kwamba vita vitakwisha upesi na watu watarudi. Vita havikwisha. Kuanzia mwaka 2016 serikali ya Uturuki ilianza kuvifunga vituo hivyo hatua kwa hatua na kuwaingiza watoto katika shule zake. Hatua hiyo ilikuwa na hekima yake, kwa sababu mtoto alipata cheti kinachotambulika na lugha ya nchi anayoishi. Lakini baada ya Desemba 2024 familia nyingi zimerejea Syria, na wamo watoto waliozaliwa au kukulia Uturuki ambao husema Kiarabu cha nyumbani, lakini hawawezi kukisoma wala kukiandika vizuri. Wamerudi kwao, na darasani ni wageni.

Ndani ya Syria nako, kila eneo lilikuwa na watawala wake, na kila watawala walikuwa na mtaala wao. Kijana aliyefanya mtihani katika eneo moja aliweza kukuta cheti chake hakina thamani katika eneo jingine. Miaka kumi na miwili ya kusoma ikawa karatasi tupu.

Kwa hiyo shule ya watoto wa vita inapaswa kujibu swali ambalo shule ya kawaida hailiulizi: mtoto huyu anaandaliwa kuishi wapi? Akirudi kwao, atasoma kwa lugha gani? Akibaki ugenini, cheti chake kitapokewa na nani? Asiyejibu maswali hayo kabla ya kuweka jiwe la msingi anaweza kujenga jengo zuri ambalo mlango wake wa kutokea umezibwa.

Mwalimu mwenyewe ni mhanga

Jambo la tatu ni la moyo. Mtoto aliyetolewa chini ya kifusi hushtuka mlango ukibamizwa. Mwingine hasemi. Mwingine hupiga wenziwe, na mwalimu asiyejua hudhani ni utundu, akamwadhibu. Wanaoifanya kazi hii wanasema kwamba mambo yanayosaidia mwanzoni si makubwa: saa za kuingia na kutoka zisizobadilika, michezo, kuchora, na mtu mzima yule yule kila asubuhi anayemwita mtoto kwa jina lake. Mtoto ambaye kila kitu kimemkimbia anahitaji kuona kitu kimoja kisichokimbia.

Huyo mtu mzima wa kila asubuhi ni mwalimu. Naye, katika shule nyingi hizi, ni mkimbizi kama wanafunzi wake. Amezika ndugu, analala hemani, ana watoto wa kulisha. Katika jimbo la Idlib, kaskazini-magharibi mwa Syria, wafadhili walipopunguza misaada walimu wengi walifundisha kwa miezi bila malipo. Wengine waligoma. Wengine waliacha wakaenda kutafuta vibarua, na hakuna anayeweza kuwalaumu. Shule ilikuwa na kuta, hema au chumba, lakini mtu mmoja alipoondoka, shule iliondoka naye.

Hapo nilianza kuelewa kwamba Bi Mkubwa hakuuliza swali la pembeni.

Waliotutangulia katika nchi hiyo hiyo

Ajabu ni kwamba jibu limo katika historia ya Sham yenyewe. Karne ya sita Hijria, nchi hiyo ilikuwa katika vita na Wasalaba. Sultani Nur ad-Din Mahmud Zangi, pamoja na kushughulika na vita, alijenga madrasa na nyumba ya kusomeshea hadithi mjini Damascus. Mwanahistoria Ibn al-Athir ameandika kwamba alianzisha pia vyuo vya mayatima katika miji yake, akawawekea watoto hao na walimu wao posho ya kutosha. Tutazame mpangilio huo: mtoto na mwalimu wake waliwekewa riziki kwa pamoja.

Zama hizo hizo, mwaka 551 Hijria (1156), Sheikh Ahmad ibn Qudama alikimbia na jamaa zake kutoka kijiji cha Jammail, karibu na Nablus, kwa sababu ya dhuluma ya watawala wa Kisalaba. Walifika Damascus wakiwa wakimbizi, wakakaa msikitini, kisha wakahamia kwenye mteremko wa mlima Qasiyun, ambako mtaa wao ulikuja kuitwa Salihiyya. Huko mwanawe mkubwa, Sheikh Abu Umar, alianzisha madrasa iliyojulikana kwa jina lake, Umariyya, ikawa miongoni mwa madrasa mashuhuri za mji kwa karne nyingi. Na mwanawe mwingine, aliyekuja akiwa mtoto wa miaka kama kumi, ndiye Imam Muwaffaq ad-Din Ibn Qudama, mtunzi wa al-Mughni, kitabu ambacho wanafunzi wa fiqhi hawakikosi mpaka leo. Huyo alikuwa mtoto aliyekimbizwa na vita. Lau asingepata wa kumsomesha, umma usingejua ulichokosa.

Kisha yuko Imam Nawawi. Kwa sisi wa pwani hii, yeye si mgeni: Arbaini yake huhifadhiwa na watoto wetu, Riyadhu Swalihina husomwa misikitini baada ya Alasiri, na Minhaj ni msingi wa fiqhi ya Kishafii tuliyorithi. Imam Nawawi alizaliwa mwaka 631 Hijria (1233) katika mji wa Nawa, ulio katika mkoa ule ule wa Daraa, ambako vita vya 2011 vilianzia ukutani mwa shule. Alipofika Damascus akiwa kijana, alikaa katika madrasa ya Rawahiyya, na chakula chake kilikuwa posho ya mkate iliyotolewa na madrasa. Katika uhai wake Wamongoli waliuteka mji huo, mwaka 658 (1260). Wamongoli waliondoka na masomo yakaendelea.

Yaliendelea kwa sababu ya waqfu. Aliyejenga madrasa hakujenga kuta akaondoka. Aliambatanisha nazo shamba, maduka au nyumba ya kupangisha, na pato lake likalipa mwalimu, mkate wa wanafunzi, mafuta ya taa na matengenezo ya paa. Kuta nyingi za zamani ziliwahi kubomoka zikajengwa tena. Palipokatika pato la mwalimu, kuta zilibaki bila elimu ndani yake.

Na tukirudi nyuma zaidi, tunakutana na habari ya Badr, mwaka wa 2 Hijria. Miongoni mwa mateka wa Makka walikuwamo waliojua kuandika lakini hawakuwa na mali ya kujikomboa. Wanahistoria wa Sira wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliufanya ukombozi wao kuwa ni kufundisha watoto wa Madina kuandika, kila mmoja watoto kumi. Mji ulikuwa maskini na umetoka vitani. Mali ilihitajika sana. Pamoja na hayo, mwalimu alihesabiwa kuwa na thamani sawa na fidia ya mtu huru.

Kikao cha pili

Niliyasema haya katika kikao cha pili, baada ya wiki mbili. Nilisema pia jambo ambalo halikuwa katika agizo, kwa sababu lilinikuta nikipekua daftari zetu. Miaka mitatu iliyopita tulimaliza ukuta wa madrasa yetu wenyewe, na kibao chenye jina la mfadhili kipo mlangoni. Ustadhi wetu mmoja, mwenye watoto tisini, anaishi kwa pesa ya Alhamisi: huyu analeta shilingi mia mbili, yule mia tano, yule hana. Katika ukurasa wa matumizi wa mwaka mzima, jina lake limetokea mara nne. Rangi ya ukuta imetokea mara sita. Mwandishi wa ukurasa huo ni mimi.

Mzee mmoja, mfanyabiashara anayeheshimika, hakukubaliana nami moja kwa moja. "Ndugu katibu," alisema, "fedha ya mshahara huliwa ikaisha. Jengo hubaki, na thawabu yake huendelea."

Bi Mkubwa alijibu taratibu: "Baba, hata wewe ulisomeshwa chini ya mwembe. Mwembe ulikatwa zamani. Suratul Mulk unayo."

Tulijadili hadi saa nne usiku. Lilijitokeza pia suala la amana, nami nalitaja kwa sababu linahusu kila msikiti. Fedha zile zilichangwa kwa ajili ya watoto wa vita wa Syria, na haifai kuziondoa huko hata kama ustadhi wetu ana njaa. Sharti la mtoaji huheshimiwa. Hivyo tuliandika barua kuiuliza taasisi ile kama mchango unaweza kuelekezwa kwenye malipo ya walimu. Ilijibu kwamba inawezekana, na kwamba fungu hilo ndilo daima hupungukiwa, kwani wachangiaji hupenda kitu cha kupiga picha. Ijumaa iliyofuata tuliwatangazia waumini, tukawapa nafasi ya kupinga. Hakupinga mtu. Fedha zote zimekwenda katika fungu la walimu. Kwa ustadhi wetu tumefungua daftari jingine, lenye ahadi za kila mwezi kutoka kwa waumini thelathini na wanane, na yule mzee mfanyabiashara ndiye wa kwanza katika orodha.

Maswali ya kuuliza

Kwa kamati na familia zitakazoletewa picha ya shule, napendekeza maswali machache, yaulizwe kwa adabu na majibu yaandikwe. Taasisi hii imesajiliwa wapi, na fedha zinapita njia gani halali? Nani atamlipa mwalimu katika mwaka wa pili na wa tatu? Watoto watasoma kwa lugha gani na kwa mtaala wa nani? Cheti chao kitatambuliwa wapi? Binti wa miaka kumi na miwili atafikaje shuleni salama, na je, kuna choo chake? Je, mwalimu amefundishwa namna ya kumkabili mtoto aliyeona mauaji? Taasisi ya kweli haitaudhika kwa maswali haya. Yetu haikuudhika.

Na tusitazame mbali peke yake. Katika wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na kuanzia mwaka 2015 ikapokea Warundi wengi. Watoto wa Kikongo wamekuwa wakisoma humo kwa mtaala wa Kongo, na wa Kirundi walisoma kwa mtaala wa Burundi, ili siku ya kurudi wasiwe wageni kwao. Wakati Warundi walipoingia kwa wingi, wapo waliosomea chini ya miti. Maswali ya Syria na Lebanon ni ya Kigoma pia, na Kigoma tunafika kwa basi.

Mwenyezi Mungu awalipe kheri walimu wanaofundisha katika mahema na chini ya miti, awape riziki ya halali kupitia mikono yetu, na atuepushe na kupenda majina yetu kuliko watoto tunaodai kuwasaidia. Rasimu zangu mbili za kibao nimezitoa katika jalada la msikiti.

Wabillahi tawfiq.